Babu, giza la Mtowisa na shimo jeusi

Jamani, nimeadimika. Nilishuka Mtowisa kumsalimu babu, na huko giza ni giza kweli. Mwezi wa nane Njia ya Maziwa inapita karibu na utosi. Babu macho yamekwisha, kwa hiyo nikawa namsimulia mimi.

Nikamwambia kwenye kundinyota la Mshale, katikati ya galaksi yetu, kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi.

"Mjukuu wangu, kama halitoi mwanga, wamelionaje?"

Nikababaika! Mei 2022 niliandika habari ya picha yake bila kujiuliza hilo. (Mhariri naye hakuuliza, tuyaache.)

Kumbe jibu ni nyota. Wenzao Reinhard Genzel na Andrea Ghez walizifuatilia miaka na miaka zikizunguka mahali pasipoonekana kitu. Moja, S2, hutumia miaka 16 kwa mzunguko. Ukijua muda huo na ukubwa wa njia yake, unapata uzito wa kinachoishika. Wakapewa Nobel 2020. Tena gesi inayotumbukia kwenye mashimo kama haya huwaka hadi kutoa eksirei, na satelaiti ya kwanza ya kuzisaka angani, Uhuru, ilirushwa hapa jirani, bahari ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Babu akacheka. "Ng'ombe wa kambani huyo. Usiku kigingi hukioni, lakini akizunguka unajua kipo."

Kisha akauliza, "Wewe unaliona?"

"Hapana babu, hata mimi silioni."

Nikamshika mkono, tukaingia ndani.