Sungura wa Mistari Myeupe

Wanaoikumbuka PlayStation ya kwanza hutaja mbio za magari, kandanda na mapigano. Ni wachache wanaoutaja Vib-Ribbon, mchezo uliotolewa Japani mwaka 1999 na kufika Ulaya mwaka 2000, lakini Marekani haukuuzwa zama hizo. Kwangu mimi, hakuna mchezo wa video uliomkaribia mtunzi wa mashairi kuliko huo.

Umbo lake ni la kifukara: mistari myeupe katika weusi, na sungura aitwaye Vibri akitembea juu ya mstari. Mbele yake huja vikwazo vya namna nne, kila kimoja na kitufe chake. Viwili vikiungana, vitufe navyo hubonyezwa kwa pamoja. Ukikosea mno, sungura hugeuka chura, kisha mnyoo.

Ufukara huo una siri. Mchezo mzima ulienea katika kumbukumbu ya mashine, hata ukaweza kuitoa diski yake na kutia ya muziki uupendao. Mapigo ya muziki huo yakawa ndiyo njia ya sungura. Nilitia taarabu. Fidla zilipotangulia, njia ilikuwa shwari. Ngoma zilipoingia, mashimo na kuta vikafuatana.

Ndugu washairi mnaoziita arudhi pingu, tafakarini hilo. Mwasisi wake, Masaya Matsuura, alituachia mistari michache, nasi tukapata nafasi ya kuleta vyetu. Mizani nayo ni vivyo hivyo: ni ardhi aikanyagayo msomaji, na silabi moja ikipungua, hujikwaa.