Arviat: Wanaokesha kwa Ajili ya Dubu

Katika ufuko wa magharibi wa Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Kanada, upo mji mdogo wa Arviat, makazi ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa nchi za barafu. Kila Oktoba na Novemba dubu weupe hupita hapo wakingoja bahari igande, wapate kuwinda sili. Njaa huwavuta kwenye mbwa na akiba za nyama. Zamani jibu lilikuwa bunduki.

Mwaka 2010 shirika la WWF lilitoa ruzuku kusaidia doria ya wenyeji. Mlinzi huzunguka usiku, akiwafukuza dubu kwa taa kali na fataki za kishindo. Yakaletwa pia mapipa ya chuma ya kuhifadhia chakula, na nyaya za umeme za kuwazungushia mbwa. Dubu waliouawa kwa kujihami wakapungua kutoka wanane hivi kwa mwaka hadi mmoja hivi.

Hatari haijaisha. Julai 2018, kisiwani karibu na mji, baba mmoja aliuawa na dubu akiwakinga watoto wake. Ndiyo maana fedha ya hifadhi haina budi kumfikia mwenyeji anayekesha: yeye ndiye mwenye watoto pale.