Maboksi Yenu Hayakufika Malawi

Wapo watu hapa chuoni wanaonidai maelezo, na wengine wameshachoka kuyasubiri. Machi 2023 nilisimama mlangoni mwa kafeteria na boksi tupu na bango la kuandika kwa mkono: "Changia vifaa vya shule, Malawi." Mlichangia. Baadaye mkawa mnaniuliza vimefikaje, nami nikawa najibu, "Mambo yanakwenda." Hayakuwa yanakwenda. Leo nasema yote.

Mtakumbuka kilichotokea. Kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa Malawi, mvua ikanyesha siku kadhaa bila kukatika, milima ikaporomoka na mito ikahama. Tarehe 13 Machi serikali yao ikatangaza hali ya maafa katika eneo lote la kusini. Waliokufa na wasioonekana tena walipita elfu moja. Shule nyingi ziligeuka kambi, maana aliyepoteza nyumba alikimbilia kwenye jengo lililokuwa bado limesimama.

Darasani kwetu tulikuwa na dada mmoja Mmalawi, kwao Blantyre. Wiki ile alikuwa akiingia kipindi na simu mkononi, anatoka, anarudi macho mekundu. Sikujua la kumwambia, nikaanza kukusanya vitu. Yeye mwenyewe sikumuuliza kitu. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mengine yote yalizaliwa hapo.

Ndani ya wiki mbili nilikuwa na maboksi 27 chumbani Mabibo. Mwenzangu wa chumba alikuwa anapita kwa ubavu kwenda kitandani. "Kaka," akaniambia usiku mmoja, "hii ni hosteli au bohari?" Nikacheka. Nilishapiga picha mbele ya yale maboksi, mikono kiunoni kama mbunge, nikaweka status. Mkanisifia. Zaidi ya maboksi zilikuja na hela, maana bumu lilikuwa limeingia: jumla Sh 412,500, nyingi zikiwa elfu mbili mbili na elfu tano tano.

Malori ya kwenda Malawi si kitu cha kutafuta kwa tochi. Yanapakia hapa Dar, yanapanda hadi Mbeya, yanashuka Tukuyu na Kyela hadi mpakani Kasumulu. Nikaona kazi ni kumpata dereva mwenye huruma. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wakala wa forodha. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Mwanangu, anapokea nani?"

"Shule za Malawi, mzee."

"Shule ipi?"

Nikanyamaza. Akaniambia nirudi na barua ya anayepokea, orodha ya kila kitu na thamani yake. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Jioni hiyo nilimfuata yule dada, nikamweleza kila kitu, nikamwomba anisaidie kuandika orodha. Tulifungua boksi la kwanza: vitabu vya Kiswahili vya sekondari. La pili: Uraia, na Historia ya Tanzania. La tatu: notisi za DS, mitihani iliyopita, na diari ya 2019 iliyojazwa nusu. Kulikuwa na mabegi yaliyokufa zipu, kalamu zilizokauka, na mikebe ya hisabati isiyo na bikari. Akachukua kitabu kimoja cha Kiswahili, akasoma mstari mmoja kwa sauti, akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mafuriko.

"Mwana kwenu ni mwana, na kwetu ni mwana," akasema. "Mvua kwetu ni mvula. Hapo tunaelewana. Lakini mtoto wa darasa la pili kule Phalombe atasoma hiki na nani?"

Mimi sikucheka. Nilikumbuka shule yangu ya msingi, Kasulu, siku walipokuja wageni na maboksi kutoka Ulaya. Tulipangwa mstari, tukaimba, tukapigwa picha. Mimi nilipata kitabu kikubwa chenye rangi, kimejaa watu wanateleza kwenye theluji na miti mirefu ya mguuni. Lugha yake hata mwalimu mkuu hakuitambua. Bibi yangu alikitumia kufunikia mtungi, na kwa kazi hiyo kilikuwa kitabu kizuri sana. Nilichokuwa sina ni penseli. Tulikuwa watoto watatu nyumbani, penseli moja imekatwa kwa wembe vipande vitatu, na kipande changu kilikuwa kifupi mno hivi kwamba vidole vilikuwa vinagusa karatasi.

Miaka yote nilikuwa nasimulia kisa hicho kama kichekesho cha Wazungu. Sasa nimekaa sakafuni Mabibo, na Mzungu ni mimi.

Yule dada akampigia mjomba wake, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Phalombe. Wakazungumza Kichewa muda mrefu, kisha nikapewa simu. Kwa Kiingereza nikamwomba aniambie wanachohitaji. Nilidhani atasema vitabu au kompyuta. Akasema madaftari, penseli, chaki. Akatua kidogo, akaongeza, "Na ndoo tano zenye mifuniko."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaeleza: watu waliokuwa wamelala madarasani wameanza kuondoka, lakini paa linavuja, na kila mvua ikinyesha, chaki zinakuwa uji na madaftari yanaota ukungu. Kabati la kufungwa hawana. Ndoo yenye mfuniko inamtosha mwalimu: jioni anatia vya darasa lake, anafunika, anakwenda kulala kwa amani. Halafu akaniambia kitu kingine, kwa upole kabisa. Nisinunue vitu Dar. Vinunuliwe Limbe, pale pale Blantyre, kwa sababu wenye maduka nao mafuriko yamewapiga.

Ikabaki namna ya kuvusha hela. Baba yake yule dada alikuwa akimtumia hela ya matumizi kila mwezi kutoka Blantyre. Safari hii hakutuma. Hela ile alinunulia vifaa Limbe, na sisi tukampa binti yake shilingi hapa hapa. Hakuna hata senti iliyokwenda kwa wakala.

Sasa mtauliza, kama mambo yaliisha vizuri hivyo, kwa nini sikusema? Niliona aibu. Ningewaambiaje watu kwamba vitu vyao havikuhitajika, wakati picha yangu bado iko kwenye simu zao? Nikanyamaza, na kimya kikazaa maneno. Jamaa mmoja akasema kantini, nami nimesimama nyuma yake kwenye foleni, kwamba nimekula hela za mafuriko. Sikumjibu. Kwa alichokuwa anakijua yeye, hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Basi hesabu yenyewe ni hii. Sh 412,500 zote zilikwenda, zikawa madaftari 240, penseli 300, katoni ya chaki na ndoo nne. Vitabu vya kiada vilivyokuwa na hali nzuri nilivipeleka kwa mwalimu wa maktaba wa shule moja ya sekondari jirani, nikamwambia achague anavyotaka na akatae asivyotaka. Alichagua 61. Alivyokataa, pamoja na notisi na zile kalamu mbovu, nilivitoa kwenye maboksi. Karatasi akazinunua jamaa wa makaratasi chakavu kwa Sh 18,000. Kalamu zikaenda jalalani. Hiyo elfu kumi na nane ndiyo ikanunua ndoo ya tano, na chenji ikaongeza penseli. Kwa hiyo, wewe uliyechangia notisi za DS, kuna mwalimu Phalombe anafunika chaki zake kwa jasho lako. Risiti za Limbe ninazo. Anayetaka kuziona anitafute.

Siwaambii msichangie tena. Kesho atasimama mwingine pale mlangoni na boksi lake, na nia yake itakuwa safi kama yangu ilivyokuwa. Kabla hujampa kitu, muulize alichoniuliza yule mzee: anapokea nani, na je, mmeshaongea naye?

Yule dada amehitimu, amerudi kwao. Majuzi alinitumia picha aliyotumiwa na mjomba wake. Ni kona ya darasa, ukuta una alama ya maji kufikia magoti, na chini kuna ndoo ya bluu imefunikwa. Juu ya mfuniko amekalia mtoto, anaandika.