Nani Atashika Ufunguo?

Jumapili moja, baada ya mkutano wa vijana, nilikuwa nafunga mlango wa darasa la katekisimu. Kijana mmoja wa mwaka wa tano wa sekondari akabaki nyuma, akaniuliza: «Mwalimu, vita vya Gaza vikiisha kweli, watu wale watatawaliwa na nani?» Nilikuwa na njaa, nikamjibu upesi: «Kwanza watafutiwe wasimamizi, wafundishwe, na baadaye wajitawale wenyewe.» Akasema, «Ndiyo, Mwalimu,» akaenda zake. Ile «ndiyo» imenisumbua majuma kadhaa, nayo ndiyo inayonifanya niwaandikie, vijana wapendwa.

Tuanze na wafu. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliingia Israeli, wakaua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, na kuwateka wengine wapatao 250. Vita vilivyofuata, hadi silaha ziliponyamazishwa Oktoba 2025, viliua Wapalestina zaidi ya 67,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza. Katika makundi yetu nimewasikia wanaohesabu upande mmoja tu. Wengine husoma jina Israeli katika Agano la Kale na kudhani serikali ya leo ni lile kabila la Yoshua. Wengine wamezoea kumshangilia mnyonge hata pale anapochinja. Yote mawili yamenihuzunisha.

Gaza ina parokia moja tu ya Kikatoliki, Familia Takatifu. Mnajua kwamba hayati Papa Fransisko aliipigia simu karibu kila jioni, tangu vita vilipoanza hadi kifo chake Aprili 2025. Aliwauliza wamekula nini. Tarehe 17 Julai 2025 kombora la Israeli lilipiga kanisa hilo. Watu watatu walikufa, na paroko wao, Padri Gabriel Romanelli, akajeruhiwa. Israeli ilisema ni kosa, ikasikitika. Mwezi uliofuata, jeshi lilipojiandaa kuwahamisha wakaaji wa mji, mapadri na masista waliamua kubaki pamoja na wazee, wagonjwa na watoto walemavu waliokuwa wakiwatunza. Nadhani watu waliobaki namna hiyo wanastahili kuulizwa jinsi mtaa wao utakavyojengwa upya.

Maana kazi yenyewe ni kubwa kupita tunavyoweza kuwaza. Katika eneo la kilomita za mraba 365 hivi mna vifusi vinavyopita tani milioni 50, na ndani yake mna maiti ambazo hazijazikwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Umoja wa Mataifa na wenzake walikadiria gharama ya kujenga upya kuwa dola bilioni 70. Zaidi ya wanafunzi 600,000 walikosa shule ya kawaida kwa miaka miwili. Mimi niliyefundishwa ualimu naiona hasara hii ya mwisho kuwa nzito kuliko saruji yote, ila nitairudia siku nyingine.

Walakini fedha siyo fundo la kwanza. Baada ya vita vya 2014 wafadhili walikutana Cairo, wakaahidi dola bilioni 5.4, nusu yake ikiwa ya Gaza. Pia uliwekwa utaratibu kati ya Umoja wa Mataifa, Mamlaka ya Palestina na Israeli, ili kila mfuko wa saruji ujulikane umekwenda kwa nani. Israeli iliogopa mahandaki. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mahandaki yalikuwapo, na saruji ilitumika kuyajenga. Lakini mama mwenye nyumba iliyobomoka ndiye aliyengoja, mwaka baada ya mwaka, huku mifuko ikiuzwa kwa magendo kwa bei ya kuruka. Mwenye ufunguo wa lango linalopitisha malori ndiye aliyekuwa meya wa kweli wa mji, ingawa hakuna aliyempigia kura.

Mwaka 2000, baada ya vita vya siku sita vya Kisangani, nilikuwa mwalimu kijana. Watu walipita mara nyingi na madaftari kuandika nyumba zilizoharibika. Jirani yangu mmoja, mjane, alihesabiwa mara tatu. Siku moja tu mgeni alimwuliza angependa kuanza na nini. Akajibu: «Choo.» Madaftari yote yalikuwa yameandika paa.

Kuhusu kujitawala, Wapalestina waliahidiwa jambo hilo mwaka 1993 katika makubaliano ya Oslo. Ulikuwa mpango wa mpito wa miaka mitano. Ukingo wa Magharibi uligawanywa sehemu tatu, A, B na C. Sehemu ya C, yapata asilimia 60 ya nchi hiyo, ilibaki mikononi mwa Israeli, na hata leo Mpalestina anayetaka kujenga nyumba au kuchimba kisima humo huhitaji kibali ambacho ni shida kukipata. Walowezi wa Kiisraeli waliokuwa zaidi kidogo ya 100,000 wakati wa Oslo sasa wamepita 500,000, bila kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki. Ushuru wa bidhaa zinazoingia hukusanywa na Israeli na kupaswa kukabidhiwa Mamlaka kila mwezi. Siasa zikichafuka huzuiliwa, na walimu hupata nusu mshahara. (Walimu wa Kongo wanaosoma hapa watatabasamu kwa uchungu.)

Tusifiche makosa ya wenyewe. Mahmoud Abbas alichaguliwa 2005 kwa miaka minne, naye hajaondoka. Uchaguzi wa bunge ulifanyika mwisho mwaka 2006, Hamas ikashinda. Mwaka uliofuata ilipigana na Fatah na kuitwaa Gaza kwa silaha. Uchaguzi uliopangwa 2021 uliahirishwa. Mpalestina wa miaka 35 leo hajawahi kupiga kura ya bunge hata mara moja. Ninyi mnaojua maana ya uchaguzi kuahirishwa hamhitaji nifafanue.

Tarehe 17 Novemba 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2803. Kutakuwa na Baraza la Amani likiongozwa na rais wa Marekani, jeshi la kimataifa, na kamati ya wataalamu wa Kipalestina kwa shughuli za kila siku. Mamlaka ikijirekebisha, huenda njia ya kuelekea taifa ikafunguka. Nilipoyasoma hayo niliona haya, kwa kuwa ndilo jibu nililompa yule kijana.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya misioni. Alinisimulia jinsi mwaka 1956 walivyosikia kwamba Mbelgiji mmoja msomi, Van Bilsen, amependekeza mpango wa miaka thelathini wa kuwafikisha Wakongo kwenye uhuru. Kwa wakati wake alikuwa mtu mwema, hata wakoloni wengi walimkasirikia kwa kwenda mbio. Wenzake baba walijiuliza: miaka thelathini ya kujifunza nini, na mtihani atasahihisha nani? Najua, mtaniambia kwamba uhuru wetu wa haraka nao ulitugharimu, kwa kuwa wahitimu wa chuo kikuu walikuwa wachache mno. Ni kweli. Ila Wapalestina hawako hapo. Wana chuo kikuu cha Bethlehemu, kilichoanzishwa 1973 kwa msaada wa Mafurera wa Shule za Kikristo, wana Birzeit, walikuwa na vyuo Gaza kabla havijabomolewa. Hawakosi wahandisi wa maji wala madaktari.

Kinachobaki ni hofu na silaha. Siwezi kumwambia mama wa Nir Oz, ambaye jirani zake walichukuliwa mateka, kwamba aamini tu. Bunduki lazima zitoke mikononi mwa kundi. Lakini zikichukuliwa na askari wa kigeni, bila serikali ambayo Wapalestina wameichagua, askari hao wataonekana wavamizi wapya. Sisi tumeishi na magari meupe zaidi ya miaka ishirini. Tumeyapungia mkono, kisha tukayapiga mawe.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule kijana, nikamwambia kwamba jibu langu lilikuwa baya. «Sasa zuri ni lipi, Mwalimu?» Nikamwambia mimi ningeanza na maji, shule na hospitali, chini ya mabaraza ya miji yaliyochaguliwa na wakaaji wenyewe, kama yalivyochaguliwa katika Ukingo wa Magharibi mwaka 2021 na 2022, na tarehe ya uchaguzi mkuu iandikwe kabla jengo la kwanza halijasimama.

«Na Israeli ikikataa? Na Hamas ikishinda tena?»

Tulisimama pale muda mrefu, hata mlinzi akaja kudai ufunguo wa darasa. Tumepanga kuendelea Jumapili ijayo, naye ameahidi kuleta wenzake.