Swali la Muuguzi



Dada mmoja wa chama chetu, muuguzi wa ngazi ya A0, ametuomba msaada kutoka mfuko wetu wa pamoja ili aanze masomo ya udaktari katika sayansi za uuguzi. Ombi hilo limetugawa. Wengine wamesema: wodi ya watoto wachanga ina wauguzi wachache tayari, kwa nini tumlipie aondoke? Wengine wameuliza, kwa sauti ya chini kidogo, muuguzi anataka kuitwa dokta ili iweje. Hili la pili halitusumbui. Wagonjwa wetu humwita dokta kila avaaye koti jeupe. La kwanza ndilo zito, maana lahusu watoto.

Tumelitafakari tukiikumbuka Yambuku. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni Katoliki ya kijiji hicho, ugonjwa usiojulikana ulianza kuua. Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa bomba tano za sindano, na hizo tano zilitumika kwa wagonjwa wa nje, wa wodini na mama wajawazito, mara nyingine zikisuuzwa tu katika maji ya vuguvugu. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki, masista miongoni mwao. Watafiti waliofika baadaye waliandika hesabu ya sindano zile, na ulimwengu ukaelewa namna Ebola ilivyoenea pale. Hatuwalaumu marehemu, waliokufa wakihudumu. Twaona tu kwamba hesabu hiyo ilikuwa mikononi mwa wauguzi siku zote, wala hakuna aliyewaomba waichunguze.

Swali la dada yetu nalo limo mikononi mwake. Katika wodi yake watoto waliozaliwa kabla ya wakati hubebwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia iitwayo ya kangaruu. Baadhi ya mama huondoka kabla mtoto hajafikia uzito unaotakiwa. Faili husema: ametoroka. Lakini yeye akeshaye nao saa nane za usiku amesikia mengine: kuna watoto wengine nyumbani, hakuna wa kuleta chakula, deni la hospitali laongezeka kila siku. Ni sababu ipi iliyo nzito kuliko zote, na ni nini kingewafanya wabaki? Hajui, na hilo ndilo analotaka kuandikia tasnifu. Udaktari wa namna hii hufundisha kuuliza kwa utaratibu: kuwaomba mama ruhusa kwanza, kuwasikiliza wa kutosha, kulinganisha, na kulipokea jibu hata likipinga lile ulilolitarajia. Kwa maoni yetu, hili la mwisho ndilo gumu kuliko mitihani yote.

Wala si lazima msomi aache kitanda cha mgonjwa. Hapa Kivu, Daktari Mukwege alitetea tasnifu yake mjini Bruxelles mwaka 2015, akiwa na miaka 60, juu ya fistula, maradhi yale yale aliyoyatibu Panzi kwa miaka mingi.

Hofu kwamba atakwenda asirudi tumeizungumza waziwazi mbele yake. Wapo waliokwenda, mshahara wa muuguzi kwetu unafahamika. Tukakubaliana hivi: mfuko utalipa ada ya mwaka wa kwanza tu, naye atabaki na zamu mbili za usiku kila juma. Kila miezi mitatu atatueleza alichokipata, kwa maneno ambayo mama wa wodi ile wangeyaelewa. Sharti hilo la mwisho alilitaka yeye mwenyewe.

Ndugu wawili bado hawajaridhika, na wameahidi kuuliza tena mwaka utakapokwisha. Mfuko una nusu ya ada. Nusu iliyobaki tutaichanga Jumapili, baada ya misa ya pili, mlangoni pa ukumbi wa parokia.