Kilima cha Juu ya Mushaki

Mwaka huu wanafunzi wetu wa darasa la sita walikuwa wakisoma habari za nchi ya Japani. Kitabuni mlikuwa na picha ya mlima Takao, ulio upande wa magharibi wa mji wa Tokyo. Mlima huo si mrefu: meta 599 tu. Msafiri hupanda gari la moshi katika stesheni ya Shinjuku, na kabla saa moja haijatimia ameshuka chini ya mlima wenyewe. Mwenye miguu dhaifu huingia katika gari livutwalo kwa kamba ya chuma hadi karibu na nusu ya njia. Mwenye nguvu huenda kwa miguu, naye hupita penye hekalu la Wabudha liitwalo Yakuo-in, lililoanzishwa mwaka 744. Wazee na watoto hupanda huko bila kiongozi, na kila mwaka watu zaidi ya milioni mbili hufika.

Kijana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, nasi tuna mlima wa namna hiyo?"

Wenzake wakacheka. Wengi katika darasa hilo ni watoto wa jamaa zilizohama Masisi na Walikale, na mtoto wa Masisi huzaliwa katika milima kama samaki majini. Lakini yule kijana hakucheka. Akauliza tena: "Nasema mlima wa kupanda kwa furaha tu, kisha kurudi nyumbani jioni."

Tukanyamaza kidogo. Kisha tukawasimulia safari moja ya mwezi wa Julai 2018, na safari hiyo ndiyo tunayowaandikia hapa, wasomaji wapenzi.

Likizo ilikuwa imeanza, na kiangazi kilikuwa kimekausha matope ya barabarani. Tulikuwa walimu watatu. Asubuhi na mapema tulipanda basi dogo mjini Goma, tukabanwa ndani pamoja na mabeseni na kuku, tukashika njia ya Sake. Ni mwendo wa kilometa 25 hivi. Kushoto kwako huliona ziwa Kivu, na kulia husimama milima miwili ya moto: Nyiragongo, wenye meta 3,470, na nyuma yake Nyamulagira, mpana kama ngao iliyolazwa chini. Karibu na Sake nchi inageuka kuwa nyeusi. Hayo ni mawe ya moto yaliyotoka Nyamulagira kati ya mwaka 1938 na 1940, yakateremka mpaka ziwani. Miti imeota juu yake, lakini ardhi bado inakumbuka.

Pale Sake tulishuka sokoni. Nchi ya juu ilikuwa imeshuka kuuza: viazi, kabichi, maharagwe, na yale majibini ya mviringo ya Masisi yajulikanayo hata Kinshasa. Mizigo mingi ililetwa kwa chukudu. Asiyeijua, ni gari la mbao lenye magurudumu mawili, lisilo na injini wala kanyagio. Kijana huilaza mizigo juu yake, hupiga goti, na mlima wenyewe humsukuma. Akitaka kupunguza mwendo, hukandamiza kwa mguu kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Mjini Goma chukudu imesimamishiwa sanamu, nayo yastahili, maana imewalisha wengi.

Kutoka Sake tulikodi pikipiki. Barabara inapanda kwa kuzunguka na kuzunguka, ziwa likizidi kuwa dogo nyuma yetu na hewa ikizidi kuwa baridi, hata tukafika Mushaki. Hapo tukawalipa vijana wa pikipiki, tukafuata kwa miguu njia ya ng'ombe katikati ya malisho. Hapakuwa na msitu wa kupasua wala mwamba wa kukwea. Majani yalikuwa mafupi na laini, mteremko ulikuwa mpole. Mmoja wetu, aliyekuwa mnene kuliko sisi wengine, alipumzika mara mbili tu. Haikupita saa moja, tukawa juu.

Huko tulimkuta mzee mchungaji, amejifunika koti zito, fimbo yake mabegani. Tulimsalimu kwa heshima, naye akatuuliza, "Wanangu, mmepoteza ng'ombe?"

"Hapana, mzee."

"Mnatafuta shamba la kununua?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kutazama tu."

Mzee alicheka mpaka akaketi. "Kutazama tu!" akasema. "Basi leo kuna amani. Mimi katika maisha yangu nimepanda vilima hivi kwa kuchunga, na kwa kulima, na kwa kukimbia. Kupanda kwa kutazama tu, sijapata kumwona mtu."

Neno hilo lilitufanya tuketi karibu naye. Alijua anachosema. Kila kilima cha Masisi kina mwenyewe, na mara nyingi kina wenyewe wawili. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianza kuhamisha jamaa kutoka Rwanda na kuziweka Gishari. Baadaye mashamba makubwa ya ng'ombe yakaenea, na ugomvi wa ardhi ukapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Ndiyo sababu mgeni akionekana kileleni huulizwa anataka kuchukua nini.

Tulipokwisha pumua, mzee akatuonyesha nchi kwa fimbo yake. Mashariki lilikuwapo ziwa, na moshi wa milima ya moto. Magharibi vilima vilifuatana kama mawimbi, vikishuka hadi kwenye msitu mkubwa wa Walikale. Wanyanga wakaao msituni humo wanayo masimulizi marefu ya shujaa Mwindo. Mtaalamu Biebuyck aliyaandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa msimulizi Rureke, na mwaka 1969 yakatolewa kuwa kitabu pamoja na Kahombo Mateene. Ndani yake yumo Nyamurairi, bwana wa moto. Kwa hiyo watu wa msituni na watu wa vilimani waliitazama milima ileile ya moto, kila mmoja kutoka upande wake.

Jambo moja la jiografia tulilitambua pale vizuri kuliko darasani. Mvua inyeshayo kwenye ukingo huu wa nchi hugawanyika. Ile ya upande wa mashariki huingia ziwa Kivu, hushuka kwa mto Ruzizi hata Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba. Ile ya magharibi hufuata mto Lowa, hupita nchi ya Walikale, nayo huingia Lualaba. Matone mawili yaliyoanguka jirani hupeana visogo, husafiri mbali sana, kisha hukutana katika mto mmoja kabla ya kufika Kisangani.

Jioni tulirudi Goma, nguo zimejaa vumbi na mfukoni tuna kipande cha jibini.

Tangu siku ile mengi yametokea. Mwaka 2023 vita vilifika Mushaki. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, kisha Sake, kisha Goma. Mwezi wa Machi waliingia mji wa Walikale, wakautoka mwezi uliofuata. Maelfu kwa maelfu walishuka vilima vilevile wakiwa na magodoro kichwani, na chukudu zikabeba wagonjwa na watoto mahali pa viazi.

Basi tukamjibu yule kijana hivi. Mlima wa namna ya Takao tunao, wala si mmoja. Kilima cha juu ya Mushaki si kigumu kuliko ule wa Wajapani. Hata bibi yako angekipanda. Ila urahisi wa mlima hauko katika mteremko wake. Uko katika njia iendayo huko: kwamba gari litafika, kwamba hakuna atakayekuzuia, kwamba jioni utarudi na kuikuta nyumba yako mahali pake. Wajapani hawakujengewa mlima mpole kuliko wetu. Wanayo njia.

Kijana akafikiri, kisha akasema, "Siku njia itakapofunguka, mwalimu, mtatupeleka?"

Tulimwahidi mbele ya darasa zima. Jina lake tumeliandika la kwanza katika orodha, na chini yake yamefuata mengine thelathini na mawili, ya watoto wa Masisi na ya watoto wa Walikale, bila kutenganisha.