Taa 64 na Mkono Uliozoea Sindano

Mikono ya wanawake wa Lamu imezoea kazi ya kuhesabu. Anayeshona kofia ya vito huhesabu matundu kwa jicho na kwa ncha ya kidole, safu baada ya safu, miezi kadhaa mpaka kofia moja ikamilike. Tundu moja likienda upande, hata awe amekwisha kupita safu tatu mbele, hufumua akarudi. Hakuna anayemwona akifumua. Kofia ikivaliwa siku ya Idi, watu huona kazi safi tu. Nimeanza na kofia kwa sababu makala haya yanahusu umeme, nami sipendi msomaji wangu aogope na kufunua ukurasa wa pili.

Binti yetu alipomaliza kidato cha nne na matokeo kutoka, alipata nafasi ya kusomea stashahada ya umeme na elektroniki katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Tulikuwa na majuma matatu ya kujibu. Mavyaa wangu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba yetu, hakuridhika. Alitaka mjukuu wake asomee ualimu au uuguzi. "Umeme hauna adabu," alisema, "humpiga mkubwa na mdogo." Hofu yake haikuwa ya kudharauliwa. Kutoka kwetu mtu huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha hupanda basi safari ndefu mpaka Mombasa. Na karakana, kwa alivyoijua yeye, ni mahali pa wavulana. Mume wangu alisema kwamba mama akiridhika, naye ameridhika. Mimi nilikuwa katikati, kwani namjua binti yangu na namjua mavyaa wangu, na wote wawili nawapenda.

Nilimkumbusha mavyaa kwa upole kwamba chuo hicho si kigeni kwetu. Kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati huo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Leo kinapokea wanafunzi wa kila dini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwamba aliowajua yeye waliosoma huko zamani walikuwa wanaume. Sikuwa na la kuongeza.

Ni katika majuma hayo ndipo kilipofika kifurushi kutoka kwa mjomba wa binti yangu, fundi wa simu kule Mombasa. Ndani yake mlikuwa na ubao mdogo wa Arduino, mfuko wa taa ndogo nyekundu za LED, zile tunazoziona zikimulika kwenye redio na chaja, pamoja na rezista, transista na waya. Binti akasema atatengeneza mchemraba wa taa: ghorofa nne, na kila ghorofa taa 16, safu nne kwa nne. Jumla ni taa 64 zilizoning'inia hewani kwa miguu yao wenyewe. Picha ya televisheni imelala bapa kwenye kioo, lakini picha ya mchemraba ina urefu, upana na kina. Mtu aweza kuuzunguka na kuitazama picha kwa nyuma.

Ubao wa Arduino ulibuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wa usanifu ambao si wahandisi waweze kuutumikisha umeme kwa gharama ndogo. Kiini chake ni maikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya chipu moja. Chipu ya ubao wetu ina nafasi ya kilobaiti 32 tu ya kuhifadhi programu, kiasi ambacho hakitoshi hata picha moja nzuri ya simu. Lakini saa yake ya ndani hupiga mara milioni 16 kila sekunde, na amri iliyopewa huitekeleza bila kuchoka.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Ubao una pini 20 za kupeleka amri, na taa ni 64. Vipi pini 20 zitaamrisha taa 64, kila moja kwa nafsi yake? Binti alinieleza kwa mfano wa nyumba. Kila taa ina mguu chanya, ambao ndio mrefu, na mguu hasi, ambao ndio mfupi. Miguu chanya ya taa zilizopangana wima, moja juu ya nyingine, huunganishwa ikawa nguzo. Nguzo ni 16. Miguu hasi ya taa zote za ghorofa moja huunganishwa pamoja. Ghorofa ni nne. Kumi na sita na nne ni ishirini, sawa na idadi ya pini. Ukitaka taa fulani iwake, waipa umeme nguzo yake na kuifungulia njia ghorofa yake, kama vile mtu anavyoelekezwa chumba: panda ghorofa ya pili, mlango wa saba.

Ila ghorofa mbili zikifunguliwa pamoja, amri huchanganyika na taa zisizoitwa huwaka. Kwa hiyo ghorofa huwaka kwa zamu. Ya kwanza huwaka kwa milisekunde 3 ikazima, ikafuata ya pili, ya tatu, ya nne, kisha mzunguko huanza upya. Mzunguko mzima huchukua milisekunde 12, maana yake hurudiwa zaidi ya mara 80 kwa sekunde. Wakati wowote utakaoutazama mchemraba, robo tatu yake iko gizani, nawe huoni giza hilo hata kidogo.

Jicho ndilo linalokamilisha kazi. Sote tumeona pangaboi likizunguka kwa kasi mpaka mapanga yake yakawa duara moja, na tulipokuwa watoto tulizungusha kijinga cha moto usiku tukachora pete ya nuru hewani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, aliliandika jambo hili katika Kitab al-Manazir. Alitoa mfano wa pia iliyopakwa rangi mbalimbali: ikizunguka kwa kasi, jicho haliwahi kuzitenga rangi hizo, bali huona rangi moja iliyochanganyika. Kwake, hiyo ilikuwa dalili kwamba kuona nako kunahitaji muda. Nilipomsomea mavyaa habari hii alitabasamu, akasema pia za marehemu kaka yake zilikuwa za mbao na msumari, wala hazikupakwa rangi.

Swali lake la pili lilikuwa la usalama, na lilistahili jibu kamili. Mchemraba hautumii umeme wa ukutani moja kwa moja, bali volti 5, sawa na zile za chaja ya simu. Taa nyekundu hutumia takriban volti 2. Volti 3 zilizobaki hupita katika rezista ya omu 330, na hivyo taa hupata takriban miliampea 9. Bila rezista, taa huungua. Lakini ghorofa nzima ikiwaka, taa 16 kwa pamoja huhitaji takriban miliampea 145, na pini moja ya chipu haifai kubebeshwa zaidi ya miliampea 40. Kwa hiyo kila ghorofa huwekewa transista, mfano wa bawabu: pini humpa ishara ndogo, naye akafungua mlango mkubwa. "Basi umeme nao una adabu ukifunzwa," alisema mavyaa, nusu mzaha.

Kazi ya mkono ilianza kwa jirani yetu, fundi wa milango ya nakshi, aliyekubali kututobolea kwa keekee matundu 16 kwenye kipande cha ubao, kila tundu umbali wa sentimita 2 kutoka kwa jirani yake. Taa hupachikwa humo kichwa chini, miguu ikakunjwa kwa koleo na kulehemiwa, mpaka ghorofa moja ikasimama kama kimia cha chuma. Kabla ya hapo binti alijaribu kila taa kwa betri bapa ya volti 3, akaziondoa mbili ambazo hazikuwaka. Kulehemu kwenyewe kulifanyika dirisha likiwa wazi, kwa kuwa moshi wake haufai kuvutwa, na hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa mikono, kwa kuwa bati la kulehemu aghalabu huchanganywa na risasi. Ncha ya moto haikai kwenye mguu wa taa zaidi ya sekunde mbili tatu, kwani joto likizidi huiua.

Nilikaa pembeni na kofia yangu, nikimtazama. Alishika waya kama tunavyoshika uzi, akatuliza kifundo cha mkono kwenye ukingo wa meza kama alivyofundishwa na bibi yake alipokuwa na umri wa miaka minane. Alihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Sikuwahi kumfundisha umeme, wala sikuujua. Lakini kila alichokifanya nilikitambua.

Kwa familia itakayotaka kujaribu, mchemraba wa tatu kwa tatu kwa tatu ni mwanzo mwema. Una taa 27, nguzo 9 na ghorofa 3, na pini 12 zinautosha. Watoto wadogo waweza kuchora picha za ghorofa kwenye daftari la miraba, penye taa wakaandika 1 na penye giza wakaandika 0. Hiyo ndiyo lugha yenyewe ya kompyuta, na picha moja ya mchemraba wetu wa taa 64 huenea katika baiti 8 tu.

Usiku mchemraba ulipowashwa kwa mara ya kwanza, sebule nzima ilinyamaza. Ilianza mvua: nukta nyekundu zikidondoka kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Ikafuata sura ya mchemraba mdogo katikati, wa taa nane za ndani. Nikahesabu taa saba.

Hakuna aliyekuwa amesema neno, lakini binti alikuwa ameshaona. Alieleza taratibu, kana kwamba anajisemea mwenyewe. Lau nguzo nzima ingezimika, angeangalia waya au rezista ya nguzo hiyo. Lau ghorofa nzima ingezimika, angeangalia transista. Lakini majirani wote, wa juu, wa chini na wa ubavuni, walikuwa hai. Kwa hiyo lawama ilikuwa ya taa hiyo moja au kiungo chake. Aliugusisha mchemraba uliozimwa na ile betri ya volti 3, nguzo upande huu, ghorofa upande ule, taa haikujibu. Taa ilikuwa imekufa, nayo ilikuwa ndani kabisa, imezungukwa na msitu wa waya pande zote.

"Iache, mwanangu," alisema mavyaa. "Moja katika 64, nani ataijua?"

"Nitaijua mimi, bibi," alijibu binti kwa adabu. "Na wewe ndiye uliyenifunza kufumua."

Mavyaa hakujibu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kurunzi. Alivuta kigoda karibu na meza akaketi, akamulika pale alipoonyeshwa. Kwa zaidi ya saa moja mkono wake wa miaka sabini na kitu haukutikisika. Binti alikata miguu ya taa iliyokufa, akaitoa kwa kibano, akapitisha nyingine kati ya nguzo, kisha akaingiza ncha ya moto katika nafasi isiyozidi upana wa vidole viwili bila kugusa waya wa jirani. Mara mbili bati lilikataa kushika. Mara ya tatu likashika. Ulipowashwa tena, mchemraba mdogo wa katikati ulikuwa na pembe zake zote nane.

Sidai kwamba taa hizo zilimaliza hofu zetu. Safari ya Mombasa haikufupika, na karakana ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mavyaa hakumwona tena mjukuu wake kama mtu anayeuhama mlango wa nyumba yake kwenda kwenye kazi ya wageni. Alikuwa ameona kwa macho yake, chini ya kurunzi aliyoishika mwenyewe, kwamba subira aliyoipanda katika mkono wa mtoto ilikuwa imeota mahali ambapo hakutarajia.

Siku tatu baadaye alimwita mwanawe, akamwita na binti, akataja masharti: akae kwa mjomba wake, apige simu kila Ijumaa, arudi kila likizo. Binti alikubali yote kabla hayajamalizika kutajwa. Kisha bibi akaongeza la nne: mchemraba utabaki Lamu, sebuleni, wala hautapanda boti.

"Siku ukizimika," alisema, "atajua kwamba ana kazi nyumbani."

Barua ya kuikubali nafasi ilivuka kwenda Mokowe asubuhi iliyofuata.